Gari la Moshi la Kulala Lipitalo Usangu



Maongezi ya leo yahusu safari ya gari la moshi, si safari ya kwenda sokoni au kumtazama mgonjwa, bali safari ya majuma mawili ambayo msafiri hula, huoga na kulala ndani ya behewa kama aliye nyumbani kwake. Labda mtauliza, habari za namna hiyo zatuhusu nini sisi wa Nyanda za Juu za Kusini? Zatuhusu sana. Mtu akisimama Igawa, penye daraja la mto Mbarali, huiona barabara kuu itokayo Iringa na Makambako kwenda Mbeya na Tunduma. Si mbali na barabara hiyo, katika uwanda huo huo wa Usangu, imelazwa reli. Tangu mwaka 1993 reli hiyo imepitiwa na gari la moshi lisilofanana na la mizigo wala na lile tulizoea kulipanda: mabehewa ya kijani yang'aayo, vitambaa vyeupe mezani, na wazee walioketi wakitazama mashamba ya mpunga bila haraka yoyote. Watoto hulipungia mikono, kisha huwauliza wazazi wao: Hawa ni nani? Watoka wapi? Na kwa nini wapite kwetu?

Swali la mtoto ni fupi, lakini jibu lake limebeba historia ya miaka zaidi ya mia. Basi na tulifuate hatua kwa hatua.

Asili ya kulala ndani ya gari la moshi

Hapo kwanza magari ya moshi hayakuwa na vitanda. Msafiri aliketi juu ya kiti usiku kucha mpaka mgongo ukafa ganzi, akafika amechoka kuliko aliyetembea. Huko Marekani alitokea mtu jina lake George Pullman, ambaye mwaka 1865 alitoa behewa la kulala lililopambwa kama nyumba ya tajiri, na mwaka 1867 akaanzisha kampuni yake. Ulaya naye Mbelgiji Georges Nagelmackers akaiga kazi hiyo, na mwezi wa Oktoba 1883 gari lake mashuhuri, Orient Express, likaondoka Paris kuelekea Istanbul.

Wanafunzi na walikumbuke jambo moja katika habari hizi. Raha ya msafiri haikutoka katika godoro peke yake. Ilitoka katika mikono ya watu. Pullman aliwaajiri wanaume weusi, wengi wao watu waliotoka utumwani siku zile zile, watandike vitanda, wang'arishe viatu na kukesha usiku. Abiria hawakujisumbua kuuliza majina yao. Waliwaita wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1925 watumishi hao wakafanya chama chao, kiongozi wao akiwa A. Philip Randolph, na baada ya miaka 12 ya kushindana, mwaka 1937, kampuni ikakubali kutia sahihi mapatano nao.

Katika Afrika ya Mashariki, reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika ziwa Victoria mwaka 1901. Huku kwetu kulala ndani ya behewa hakukuwa raha sikuzote. Mwezi wa Juni 1900, mkuu mmoja wa polisi, Charles Ryall, alilala ndani ya behewa lake katika stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango, akamchukua, akatoka naye kwa dirisha. Behewa lile limehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Simba walipokwisha kufukuzwa njiani, ikabaki ile desturi ya madaraja. Katika zama za ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili hasa la Wahindi, na Mwafrika akawekwa katika la tatu, juu ya mbao tupu. Gari lilikuwa moja na njia moja. Walifika saa ile ile, lakini hawakusafiri safari moja.

Reli mbili zisizopatana

Wadachi walianza kujenga reli yao kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Kigoma mwaka 1914. Ilipita Morogoro, Dodoma na Tabora, ikaiacha nchi yetu kando kabisa. Mtu wa Usangu aliyetaka kulipanda gari la moshi ilimpasa kwenda kwanza kwa miguu, au baadaye kwa lori, mpaka Dodoma.

Upande wa kusini, Mwingereza Cecil Rhodes alikuwa na ndoto ya kulaza reli kutoka Cape Town mpaka Cairo, yote ipite katika nchi zilizo chini ya bendera ya Uingereza. Alikufa mwaka 1902 kabla ya kuiona. Wenzake waliendelea: daraja la maporomoko ya Victoria, juu ya mto Zambezi, lilifunguliwa mwaka 1905, na mwaka uliofuata reli ikafika Broken Hill, mji uitwao leo Kabwe. Kisha ikageukia machimbo ya shaba na Kongo. Ndoto ya Cairo ikaishia hapo.

Sasa nawaomba mtege masikio, maana hapa ndipo ulipo ufunguo wa habari yote. Reli ya Wadachi ilikuwa na upana wa meta moja baina ya chuma na chuma. Reli ya Rhodes ilikuwa na upana wa futi tatu na inchi sita, yaani milimeta 1,067. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne tu, lakini gari la njia moja haliwezi kupita katika njia ya pili. Hata kama njia hizo zingekutana, behewa la Cape Town lisingeweza kuteremka Dar es Salaam. Mlango ulikuwa umefungwa, na kilichoufunga ni vidole vinne.

Reli ya Uhuru

Aliyeufungua mlango huo hakuwa Rhodes, wala mrithi wa mawazo yake. Walikuwa Waafrika wenyewe, na hawakuufungua kwa ajili ya watalii.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Mali yake ilikuwa shaba, na shaba ilisafirishwa kwa reli ya kusini, kupitia nchi zilizotawaliwa na walowezi na Wareno. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, wakajitangazia uhuru wao ili Waafrika wasipate kutawala. Zambia ikajikuta kama mtu ambaye mlango wa pekee wa nyumba yake umeshikwa na adui.

Wazee wa Igawa wazijua vema siku zilizofuata. Malori yalipita mchana na usiku yakipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba, juu ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Yaliyopinduka yalikuwa mengi, hata wasafiri wakaiita njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola likamalizika, nalo likapunguza taabu, lakini shaba haipiti katika bomba.

Rais Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda waliomba msaada wa kujenga reli katika nchi za magharibi. Wataalamu wa huko wakapiga hesabu, wakasema reli hiyo haitalipa. China, ambayo siku zile ilikuwa nchi maskini, ikakubali. Mapatano yalitiwa sahihi Beijing mwezi wa Septemba 1967. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba, na kazi ikazinduliwa mwezi wa Oktoba 1970. Upana uliochaguliwa ulikuwa ule ule wa Zambia, milimeta 1,067, ili mabehewa ya shaba yapite moja kwa moja mpaka bandarini bila kupakuliwa. Hivyo vidole vinne vikaondolewa njiani.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Mlimba nchi ni tambarare, na kazi ilikwenda mbio. Toka Mlimba mpaka Makambako ni kilometa zisizofika 160, lakini hapo njia hupanda kutoka bonde la Kilombero mpaka nyanda zetu za baridi. Katika kipande hicho yalijengwa madaraja 46 na kutobolewa mahandaki 18. Mvua zilibomoa kingo zilizokwisha kujengwa, udongo uliporomoka, na nguzo za daraja la mto Mpanga zilisimamishwa juu kama minara. Wachina kwa makumi ya maelfu walikuja kwa zamu. Watanzania na Wazambia waliofanya kazi pamoja nao walikuwa makumi ya maelfu vilevile, na miongoni mwao vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Walilala katika mahema na mabanda, wakaondoka alfajiri na sururu. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, karibu na Dar es Salaam. Waafrika nao walikufa, na makaburi yao yametawanyika katika vijiji vyao.

Mwezi wa Agosti 1973 reli ikafika Tunduma, baada ya kupita Makambako, Rujewa, Chimala na Mbeya. Karibu na Mbeya, pale Uyole, ndipo ilipo sehemu ya juu kabisa ya njia yote, kadiri ya meta 1,789 juu ya bahari. Mwaka 1975 chuma kikaungana na kile cha Zambia kule Kapiri Mposhi, baada ya kilometa 1,860. Tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa kwa wenyewe. Watu waliiita Reli ya Uhuru, na kwa kifupi TAZARA.

Safari yenyewe

Basi, gari la kijani latoka wapi? Mwaka 1989 Rohan Vos, mtu wa Afrika ya Kusini, alianza kampuni iitwayo Rovos Rail. Alinunua mabehewa mabovu ya zamani, akayatengeneza upya kwa mbao nzuri na shaba iliyosuguliwa. Mwaka 1993 gari lake liliondoka Cape Town, likapita daraja la Zambezi, likaingia katika reli ya TAZARA na kufika Dar es Salaam.

Uangalieni mwaka huo. Nelson Mandela alitoka kifungoni mwaka 1990, na watu wote wa Afrika ya Kusini walipiga kura kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1994. Kama ubaguzi ungalisimama imara, gari la wenye raha kutoka Cape Town lisingalipata kupita katika Reli ya Uhuru. Njia iliyojengwa ili kuiepa kusini ikawa njia ya kuwaleta wageni wa kusini, na hilo lisingalitokea bila ya ushindi wa wale waliokuwa wakiiepa.

Ndani ya gari hilo abiria hawazidi 72. Chumba kikubwa kuliko vyote huchukua nusu nzima ya behewa, na ndani yake kuna kitanda kipana, viti na birika la kuogea. Kuna behewa la kulia, ambamo jioni wanaume huketi wamevaa koti na tai. Mwishoni mwa gari kuna behewa lenye baraza ya wazi, msafiri apate kutazama reli ikikimbia nyuma yake. Radio na televisheni hakuna. Mwendo wake hauzidi kilometa 60 kwa saa, na mahali pengine gari husimama usiku, wageni walale bila kutikiswa. Safari nzima ni siku 15 hivi. Njiani wageni hushuka kulitazama shimo kubwa la almasi la Kimberley, maporomoko ya Victoria, na maporomoko ya Chishimba karibu na Kasama. Kisha huingia Tunduma, na nchi yetu hufunguka mbele yao: milima ya Mbeya, kisha uwanda wa Usangu na mito yake, kisha baridi ya Makambako. Baada ya hapo gari huteremka polepole katika mahandaki yale 18, giza na nuru zikipokezana, mpaka joto la Mlimba.

Mgeni aliyelala usingizi katika handaki hajui kwamba amelala mahali palipomwua mtu. Hatumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Lakini mwanafunzi wa Igawa akiwa naye hajui, huo ni upungufu wetu sisi tulio wazee na walimu.

Faida ni ya nani?

Wengine hulitazama gari la kijani wakasema, "Hili ni jambo la fahari, nchi yetu yapata wageni." Wengine husema, "Halisimami kwetu, halinunui hata gunia la mchele. Lina faida gani?" Wote wawili wana sehemu ya kweli. Gari hilo hulipia njia, na fedha hiyo husaidia reli. Lakini wageni 72 hawawezi kuibeba njia ya kilometa 1,860.

Waliobeba reli hii kwa miaka mingi ni wengine. Ni yule mama aliyepanda na mchele wa Usangu au wa Mlimba, na yule kijana aliyeshuka Makambako na ndizi akarudi na viazi na maharage. TAZARA pia ilikuwa na vitanda: vinne katika chumba cha daraja la kwanza, sita katika cha pili, na daraja la tatu viti tu. Safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ilikuwa ya siku mbili, na mara nyingi ilizidi. Godoro lilikuwa jembamba, lakini mwalimu, mkulima na mchuuzi wa samaki walilala chumba kimoja wakaamka wamejuana. Tofauti na zama za kikoloni, aliyepanda daraja la kwanza alilipata kwa nauli yake, hakulipata kwa rangi yake. Hilo si dogo; ni moja ya mambo yaliyofanya reli hii istahili jina lake.

Lakini jina zuri haliwezi kushika reli isipinde. Njia iliyotengenezwa ili ichukue tani milioni mbili za mizigo kila mwaka haikupata kuufikia mzigo huo, na katika mwaka 2014/2015 ilichukua chini ya tani 100,000. Vichwa vya gari vilichakaa, vipuri havikupatikana, mishahara ilichelewa, na malori yakarudi barabarani, yakipita Igawa kama siku za Jehanamu, isipokuwa sasa juu ya lami. Reli ikiharibika, mama wa mchele hukwama, na mgeni wa kitanda kipana hukwama vilevile. Chuma hakijui nani tajiri.

Mwezi wa Septemba 2024, huko Beijing, viongozi wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa sahihi kwa makubaliano ya kuihuisha TAZARA. Mwaka ule ule magari ya umeme yalianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na Dodoma juu ya reli mpya yenye upana wa milimeta 1,435. Hivyo sasa nchi yetu ina reli za upana wa namna tatu, na yule aliyedhani kwamba habari ya vidole vinne imekwisha, na afikiri tena.

Nawausia walimu wenzangu na wanafunzi wao jambo moja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 kazi ya reli ilipoanza mwaka 1970, sasa amepita miaka 70. Wengi wamekwisha kutangulia. Waliobaki wameketi barazani Rujewa, Chimala na Makambako, na hakuna anayewauliza. Nendeni kwao na daftari. Waulizeni waliitwaje, walilipwa nini, walikula nini pamoja na Wachina, na nani hakurudi kutoka mlimani. Yaandikeni majina, kila mtu kwa jina lake, isiwe kama wale watumishi wa Pullman ambao wote waliitwa George.

Ndipo gari la kijani litakapopita tena, na mtoto akauliza, "Hawa ni nani?", tutaweza kumjibu. Tutamwambia: Hao ni wageni wa njia. Wenye njia ni hawa, na majina yao haya hapa.